Pishi ya Kununulia na Pishi ya Kuuzia

Katika nchi zinazochagua wakuu wao kwa kura hutokea mara nyingine kwamba washindani wawili hukaribiana sana, hata tofauti iliyo kati yao huwa ndogo kuliko makosa ambayo mikono ya watu na mashine huweza kuyafanya katika kuhesabu. Hapo ndipo huzuka neno la kuhesabu tena. Aliye nyuma husema, "Na zihesabiwe upya." Aliye mbele husema, "Zimekwisha kuhesabiwa, yatosha." Kila mmoja husema kwa jina la haki, wala hakuna akiriye wazi kwamba asema hivyo kwa sababu apenda kushinda. Katika makala hii twataka kuuliza swali moja tu. Je, ni halali kwa mtu mwema kuitumia kila njia ambayo sheria yamruhusu, ili hesabu iangukie upande wake? Au iko haki nyingine iliyo juu ya ruhusa ya sheria, nayo yambana hata yule asiyevunja sheria yo yote?

Huenda wako wasomaji watakaosema kwamba jambo hili ni la wanasiasa, si letu. Hatudhani hivyo. Kila mtu aliyepata kushiriki katika kumchagua mwenyekiti wa ushirika, au halmashauri ya shule, au wazee wa kanisa, amekwisha kuona jinsi watu wapole wanavyogeuka wakali pale kura zinapokaribiana. Na wasomaji wa pwani wajua kwamba katika uchaguzi wa Januari 1961 huko Unguja na Pemba, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Lakini ili tulipime swali letu vema, twachagua kisa cha mbali, kwa maana kisa cha mbali hutazamwa kwa macho yasiyo na machozi. Kisa chenyewe ni cha Marekani.

Tarehe 7 Novemba 2000 watu wa nchi ile walipiga kura kumchagua Rais. Washindani wakubwa walikuwa wawili: George W. Bush, Gavana wa Texas, wa chama cha Republican. Na Al Gore, Makamu wa Rais, wa chama cha Democratic. Huko Rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua Rais, na katika karibu majimbo yote ashindaye hupata wajumbe wote wa jimbo lile. Katika nchi nzima Gore alimzidi Bush kwa kura zaidi ya 500,000. Walakini mambo yote yakaning'inia juu ya jimbo moja, Florida, lenye wajumbe 25. Huko, katika kura karibu 6,000,000, hesabu ya kwanza ilimweka Bush mbele kwa kura 1,784. Sheria ya Florida iliagiza kwamba tofauti ikiwa chini ya nusu ya sehemu moja katika mia, kura zipitishwe tena katika mashine. Zikapitishwa, na tofauti ikashuka hata ikawa kidogo kupita 300.

Yafaa tueleze jinsi kura zile zilivyopigwa, kwa sababu ugomvi wote ulianzia hapo. Katika wilaya nyingi mpiga kura alitoboa kadi kwa kijiti chenye ncha. Kijipande cha karatasi kilipaswa kudondoka na kuacha tundu, na mashine ilisoma matundu. Lakini vijipande vingine havikudondoka. Kimoja kilining'inia kwa pembe moja, kingine kwa pembe mbili, kingine kilibonyea tu bila kutoboka. Mashine isipoona tundu huhesabu kwamba mtu yule hakumchagua mtu. Jicho la mwanadamu laweza kuona zaidi ya mashine. Lakini jicho la mwanadamu lina moyo nyuma yake, na moyo una mtu umpendaye.

Sasa na tutazame walivyofanya wakubwa wa pande mbili. Gore na mawakili wake walisema mbele ya watu kwamba nia yao ni kila kura ihesabiwe. Sheria ya wakati ule ilimtaka mshindani aombe hesabu ya mkono wilaya kwa wilaya, nao wakaomba wilaya nne tu: Volusia, Palm Beach, Broward na Miami-Dade. Zote nne zilikuwa wilaya ambazo Gore alipata kura nyingi kuliko Bush. Shauri lao ni jepesi kufahamu: mahali penye watu wako wengi, kura zilizosahauliwa nazo nyingi zitakuwa zako. Ni kweli kwamba tarehe 15 Novemba Gore alitoa shauri la kuhesabu jimbo zima kwa mkono, kama mwenziwe angependa. Lakini Bush alikataa, na maombi yaliyoandikwa yakabaki ya wilaya zile nne.

Upande wa Bush ulisema kwamba hesabu ya mkono haina uhakika, kwa kuwa kila mhesabuji huona kwa namna yake. Wakaenda mahakamani tarehe 11 Novemba kuizuia. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini huko Texas Bush mwenyewe alikuwa ametia saini, mwaka 1997, sheria iliyoikubali hesabu ya mkono, hata kwa kadi zilizobonyea tu, ikiwa nia ya mpiga kura yaonekana. Jambo lililokuwa jema Texas likawa baya Florida. Na tarehe 22 Novemba, katika jengo ambamo wahesabuji wa Miami-Dade walikuwa kazini, lilikusanyika kundi la watu wa chama chake wakipiga kelele na kugonga milango. Na siku ile ile kazi ya kuhesabu ikaachwa katika wilaya ile.

Hata hapa msomaji aweza kusema kwamba kila upande ulikuwa na kanuni yake: mmoja uliamini kuhesabu kwa upole, mwingine uliamini kuhesabu kwa ukali. Kama ingekuwa hivyo, tungewaheshimu wote wawili. Lakini zikaja kura za ng'ambo, yaani zile zilizotumwa kwa posta na askari na watu wengine waliokuwa nje ya nchi. Nyingi zilikuwa na kasoro: hii haina muhuri wa posta, ile haina tarehe, nyingine haina shahidi. Ilidhaniwa kwamba askari wengi walimpenda Bush. Basi papo hapo wakali wakawa wapole, na wapole wakawa wakali. Watu wa Bush, waliokuwa wakidai sheria ishikwe kwa herufi, wakasema si haki kumnyima askari kura yake kwa ajili ya muhuri. Na mwanasheria mmoja wa upande wa Gore, upande uliokuwa ukisema kila kura ihesabiwe, akawaandikia wenzake maagizo jinsi ya kuzipinga kura zile. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times lilichunguza kura 2,490 za ng'ambo zilizokubaliwa baada ya siku ya uchaguzi, likaona kwamba 680 zilikuwa na kasoro.

Wazee wetu wamjua vema mtu wa namna hii. Ni yule mchuuzi mwenye pishi mbili dukani. Mkulima aletapo mtama, hupimiwa kwa pishi kubwa. Na mkulima yule yule arudipo wakati wa njaa kununua, hupimiwa kwa pishi ndogo. Ukimshika mchuuzi atakuonyesha kwamba kila pishi ni pishi, na kwamba hakuiba punje hata moja gizani. Naam, hakuiba gizani. Kosa lake si katika pishi hii wala katika pishi ile. Kosa lake ni kwamba huangalia kwanza nani ananunua na nani anauza, ndipo huchagua pishi. Maandiko Matakatifu yalaani vipimo viwili, wala hayasemi kwamba kipimo kikubwa ni dhambi au kidogo ni dhambi. Dhambi ni uwili wenyewe.

Twaweza sasa kulijibu nusu ya swali letu. Kuomba hesabu ya pili si kosa, wala kuikataa si kosa. Kupenda hesabu ya upole si kosa, wala kupenda ya ukali. Kosa ni kuichagua kanuni baada ya kuona ni nani itakayemfaa. Kanuni iliyochaguliwa hivyo si kanuni tena, bali ni upendeleo uliovaa kanzu ya kanuni. Na njia ya kujipima ni rahisi kusema, ingawa ni ngumu kutenda: "Neno hili nilisemalo leo, je, ningelisema kama ningekuwa upande wa pili?"

Lakini haifai tupite haraka, maana wako watetezi wa mambo haya, nao si wajinga. Wasema hivi: "Mbele ya hakimu kila wakili humtetea mtu wake, wala hakuna amtakaye wakili amtetee na adui. Kweli hutokea katika ushindani wa pande mbili. Vivyo hivyo katika kura: Republican na avute kwake, Democratic na avute kwake, na haki itapatikana katikati. Tena, mshindani si mtu peke yake. Nyuma yake wako mamilioni waliomwamini. Akiacha silaha mojawapo kwa ajili ya dhamiri yake safi, huku mwenzake hakuacha, amewauza wale waliomtuma." Haya ni maneno mazito, hasa lile la mwisho, kwa kuwa ni kweli kwamba mtu hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mali isiyo yake.

Hata hivyo twaona kwamba mfano wa wakili hautoshi. Mawakili huvuta huku na huku kwa salama kwa sababu kati yao yupo hakimu asiyevuta, na mbele yao iko sheria iliyoandikwa kabla ya kesi. Katika Florida mambo hayo mawili yalipungua. Katibu wa jimbo, Katherine Harris, aliyesimamia uchaguzi na kuthibitisha hesabu, alikuwa mmoja wa wenyeviti wa kampeni ya Bush katika jimbo lile. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Bob Butterworth, alikuwa mwenyekiti wa kampeni ya Gore huko huko. Gavana alikuwa Jeb Bush, ndugu yake mshindani. Na kwa heshima yake twasema kwamba alijiondoa katika kamati ya kuthibitisha kura. Wala sheria haikusema wazi kadi iliyobonyea ihesabiwe au isihesabiwe. Wilaya ya Palm Beach ilibadili kipimo chake zaidi ya mara moja katika muda wa kuhesabu, na wilaya ya Broward ilitumia kipimo cha upole zaidi. Wachezaji walikuwa uwanjani, mpira ulikuwa unakwenda, na mistari ya uwanja ilikuwa bado inachorwa na wachezaji wenyewe.

Mwisho wake ulikuwa mahakamani. Tarehe 8 Desemba Mahakama ya Juu ya Florida, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliagiza kadi ambazo mashine haikuona alama juu yake zihesabiwe kwa mkono katika jimbo zima. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa watano dhidi ya wanne, ilisimamisha kazi hiyo. Na tarehe 12 Desemba ikahukumu. Majaji saba kati ya tisa waliona ubaya katika kuhesabu bila kipimo kimoja. Watano walisema kwamba muda wa kutengeneza kipimo hicho umekwisha. Tena iliandikwa katika hukumu ile kwamba hoja yake ni kwa ajili ya hali ya kesi ile tu. Hatuwezi kuona ndani ya mioyo ya majaji, na kazi hiyo twamwachia Mungu. Twasema tu kwamba kanuni ambayo mwenyewe hataki itumike kesho huwaachia watu shaka leo. Hesabu iliyothibitishwa ilibaki hii: Bush 2,912,790, Gore 2,912,253. Tofauti ni kura 537.

Na sasa lipo jambo la ajabu, ambalo twaomba msomaji alitafakari. Katika mwaka 2001 magazeti makubwa kadha wa kadha yaliungana, yakawaajiri wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago kuzitazama kadi karibu 175,000 zilizokataliwa katika Florida. Matokeo yalitoka Novemba ya mwaka ule. Yalionyesha kwamba kama Gore angalipewa wilaya nne alizoziomba, Bush angalishinda vilevile. Bali kama kadi zote za jimbo zima zingalitazamwa, zile zisizoonekana alama na zile zilizoonekana na alama zaidi ya moja, Gore angaliongoza kwa kura chache, kati ya 60 na 171 kwa kadiri ya kipimo kitumikacho. Basi kila upande ulipigania jambo lisilo na faida kwake. Gore aliomba kwa werevu kilichokuwa hakimtoshi, na Bush alikipinga kwa nguvu kilichokuwa hakimdhuru. Werevu wa pande zote mbili ulikuwa gizani. Haki peke yake, yaani jimbo zima kwa kipimo kimoja, ndiyo ingalimpa kila mtu chake. Hatusemi kwamba haki hulipa faida sikuzote, kwa maana si kweli. Twasema kwamba yule aiachaye haki kwa ajili ya faida aghalabu hajui hata faida yake iko wapi.

Je, yawezekana watu kufanya vizuri zaidi? Kisa cha pili chajibu. Mwaka 2008, katika jimbo la Minnesota, Norm Coleman wa chama cha Republican na Al Franken wa chama cha Democratic walishindania kiti cha Seneti. Katika kura karibu 2,900,000, Coleman alikuwa mbele kwa 215. Msomaji asidhani kwamba wanadamu wa huko walikuwa malaika. Siku moja baada ya uchaguzi Coleman alisema kwamba kama yeye ndiye angekuwa nyuma, angeacha kudai hesabu ya pili, ili nchi ipone. Lakini hesabu ilipomweka nyuma, alishindana kwa miezi mingi. Franken naye alipokuwa nyuma alitaka kura za posta zilizokataliwa zifunguliwe, na Coleman akapinga; Coleman alipokuwa nyuma alitaka maelfu mengine ya namna ile yafunguliwe, na Franken akapinga. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Hata hivyo kazi ilikwenda kwa utulivu. Kwa nini? Kwa sababu pishi ilikuwa moja, na ilikuwa imechongwa kabla ya mavuno. Sheria ya Minnesota ilikuwa imekwisha kueleza namna ya kuifahamu nia ya mpiga kura katika karatasi yenye alama mbaya. Hapakuwa na kuchagua wilaya: jimbo zima lilihesabiwa kwa mkono. Karatasi zilizobishaniwa zililetwa mbele ya kamati ya watu watano, wanne kati yao majaji, nayo ilizitazama hadharani moja moja, hata watu majumbani waliweza kuziona na kujiamulia. Hesabu ilimalizika Franken akiwa mbele kwa 225. Baada ya kesi ikawa 312. Tarehe 30 Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilihukumu kwa sauti moja, na siku hiyo hiyo Coleman akakubali. Tabia ya washindani ilikuwa ile ile ya Florida. Kilichotofautiana ni kipimo. Tunajifunza hapa kwamba si lazima tungoje watu wawe wema ndipo tupate uchaguzi mwema, ila ni lazima wema kidogo walio nao waufanyie kazi mapema, wakati ambapo hakuna ajuaye kanuni itamwangukia nani.

Imebaki ile hoja nzito, kwamba mshindani hana ruhusa ya kuacha silaha, maana yeye ni mtumishi wa wengine. Twajibu kwa neno la amana. Kura si mali ya mshindani. Ni amana ya mtu aliyeipiga, naye aliiweka sandukuni akaenda zake shambani, bila wakili na bila njia ya kuifuata. Ahesabuye kura ashika amana ya watu wa pande zote. Adaiye zihesabiwe hapa tu wala si pale, kwa kuwa hapa wako wake, amewatetea waliomtuma kwa kuwasahau wengine ambao haki yao ni sawasawa na ya hao. Waliomtuma walimpa ruhusa ya kutafuta kura zao; hawakuwa na uwezo wa kumpa ruhusa ya kupoteza kura za jirani zao, kwa sababu hazikuwa zao. Mtu hawezi kutumwa kufanya jambo ambalo amtumaye mwenyewe hana haki ya kulifanya.

Watu husema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Ni methali ya kweli, lakini mara nyingi hutupiwa aliye nyuma tu, kama kwamba aliye mbele hana wajibu. Sisi twaiona ina pande mbili. Aliye nyuma akubali kushindwa pale kipimo kilipokwisha kutimia. Na aliye mbele akubali kupimwa kabla ya kujiita mshindi. Aogopaye hesabu hajashinda bado, ameshika tu.

Jioni ya tarehe 13 Desemba 2000 Gore alisema mbele ya nchi nzima kwamba hakukubaliana na hukumu ya mahakama, lakini aliipokea. Na tarehe 6 Januari 2001, kwa kuwa alikuwa bado Makamu wa Rais, ilimpasa kuwa mwenyekiti wa kikao cha Bunge kilichohesabu wajumbe wa majimbo. Wabunge wa chama chake walisimama mmoja baada ya mmoja kupinga wajumbe wa Florida. Kanuni ilitaka pingamizi liwe na saini ya seneta, nao hawakuwa nayo. Gore, ambaye pingamizi lile lilikuwa kwa faida yake, aliwakalisha wote, akatangaza kwamba mwenzake ameshinda. Mtu yule ambaye miezi miwili kabla yake alichagua wilaya nne zilizomfaa, siku ile alishika pishi moja, ingawa ilimpimia njaa.

Basi, ndugu wasomaji, itakapotokea katika ushirika wenu au shule yenu kwamba kura zimekaribiana, msingoje mioyo ichemke ndipo mwulize kanuni ni ipi. Iandikeni kabla ya sanduku kufunguliwa: karatasi gani itahesabiwa, nani atahesabu, na tofauti ikiwa ngapi zihesabiwe tena zote. Someni kanuni hiyo mbele ya wote wakati ambapo kila mmoja bado atumaini kushinda. Na ye yote atakayesimama baadaye kutaka pishi nyingine, aulizwe kwa upole kama aliitaka jana.